Watoto wanajua jibu lakini kazi hawamalizi. Kujiongoza kunafundishika darasani?

#1 Ticha wa Tano

Wakuu, mbukwenyi.

Ninafundisha darasa la tano, shule ya msingi pembezoni mwa jiji la Dodoma. Watoto 94, mkondo mmoja. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Mwezi uliopita niliwapa kazi ya wiki mbili. Kila mtoto apande kunde tano kwenye chupa ya maji iliyokatwa, kila baada ya siku moja apime urefu wa mche kwa rula, aandike kwenye jedwali. Jedwali nilichora mimi ubaoni, wao wakanakili. Siku ya kukusanya nikapata majedwali 71. Katika hayo, zaidi ya 50 yameandikwa siku moja: kalamu ile ile, mwandiko wa haraka ule ule, kunde zinapanda sentimita mbili mbili kama ngazi. Mmoja mche wake una sentimita 14 siku ya pili tangu kupandwa.

Nikawauliza kwa mdomo. Wanajua mbegu inataka maji, hewa na joto. Wanajua kusoma rula. Kinachowashinda ni kuanza leo, kukumbuka keshokutwa, na kuendelea ijapokuwa hakuna anayewatazama.

Kuna na kijana mmoja wa dawati la nyuma. Hesabu anazimaliza kabla ya wote, ila akikosea moja anachana ukurasa. Daftari lake sasa ni jalada na kurasa za kuhesabika.

Semina tuliyopewa ilizungumzia stadi za kihisia na kijamii, na stadi za kujiongoza: kujizuia, kushika maelekezo kichwani huku unayafanyia kazi, kubadili njia ukikwama, kupanga. Naamini zipo na naamini zina thamani. Ninachouliza: mwalimu mmoja, watoto 94, kipindi cha dakika 40, mtihani mbele, anazifundishaje? Au hii ni kazi ya nyumbani, sisi tunapokea kilichokwisha kupikwa? Naomba waliowahi kujaribu waseme walifanyaje.

#2 Kibaigwa Mnadani

Ticha, ni malezi, hakuna kingine. Sisi tulikuwa tunatumwa dukani vitu vinne bila karatasi, ukisahau kimoja unarudi jua kali. Leo mzazi anapiga simu dukani, mtoto anaenda kupokea mfuko tu. Kumbukumbu itatoka wapi? Samaki mkunje angali mbichi. Akifika darasa la tano ubongo umeshafunga.

#3 Nesi wa Zamu

Namba 2, la dukani nakubali. La ubongo kufunga sikubali.

Sehemu ya ubongo inayobeba kupanga na kujizuia iko mbele, nyuma ya paji la uso, na ndiyo ya mwisho kukomaa. Inaendelea kujengeka mpaka mtu yuko katikati ya miaka ya ishirini. Mtoto wa miaka 10 au 11 ana safari ndefu bado. Kwa hiyo Ticha usimdai utulivu wa mtu mzima, na wala usimkatie tamaa.

Ila kusema ni jambo dogo nako siyo. Kule Dunedin, New Zealand, wamefuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973. Matokeo yaliyotolewa 2011 yalionyesha waliokuwa na uwezo wa kujizuia utotoni walikuwa na afya bora na fedha zenye mpangilio walipofika miaka 32, hata baada ya kuzingatia hali ya familia na uwezo wa akili. Ndiyo maana nafurahi mwalimu kauliza.

#4 Chaki na Vumbi

Pole Ticha. Nina miaka 19 kazini, majedwali ya kupika nayajua. Nitasema ambalo wengi hawatasema: kiboko kinasaidia. Watoto wakijua Ijumaa kuna ukaguzi na asiye na kazi anapata viboko sita, Ijumaa kazi zinakuja. Nimeliona kwa macho yangu.

#5 Hesabu Kali

Mwalimu wangu Chaki, kwa heshima zote. Sita ni kanuni za zamani. Tangu kanuni za 2002 ni viboko vinne, visizidi, na anayechapa ni mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, kisha vinaandikwa kwenye kitabu. Na vimewekewa makosa mazito ya nidhamu. Jedwali la kunde halimo.

Halafu soma tena namba 1. Hao zaidi ya 50 walioandika siku moja walikuwa wanakimbia nini? Kuja mikono mitupu. Hofu imeleta karatasi, vipimo haikuleta.

#6 Chaki na Vumbi

Vinne, nimekubali, asante kwa kunisahihisha. Lakini watoto 94 bado hujanijibu.

#7 Mchunga wa Bahi

Nina neno tofauti na wote hapo juu. Ticha, hao watoto stadi wanazo, ila hazijui njia ya kuja shuleni.

Nikiwa na miaka 9 nilichunga ng'ombe 43 wa babu yangu. Tazama kazi ile ilivyo. Asubuhi huhesabu moja, mbili, tatu. Unatupa jicho mara moja unajua yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hayupo. Unajua leo hupiti kule kwa sababu juzi ulipita na nyasi zimekwisha, na njia ya pili ina mtama wa watu umeanza kuchipua, ng'ombe akiingia jioni kuna kikao. Upepo ukigeuka, ng'ombe wakasikia harufu ya maji upande usiotaka, unabadili mpango hapo hapo. Una kipande cha muhogo mfukoni na njaa inauma tangu saa nne, unakitunza mpaka saa nane maana ukikila mapema jua la mchana litakuangusha. Kupanga, kukumbuka, kujizuia, kubadili njia. Zote nne alizotaja Ticha.

Mwaka uliofuata nikaingia darasa la kwanza, nimewapita wenzangu umri na kimo. Mwalimu akasema: fungua daftari, andika tarehe, pigia mstari, ruka mistari miwili, anza. Nikabaki na "fungua daftari". Nikaitwa mzito, na jina hilo lilinikaa mpaka la nne. Kichwa kilichobeba ng'ombe 43 hakikushindwa mistari miwili. Ng'ombe akipotea nilijua nani ataumia. Mistari miwili isiporukwa, nani anaumia? Hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwa hiyo kabla ya kuwafundisha wakumbuke kupima, mtafute mtu anayezisubiri hizo kunde.

#8 Mwalimu wa Awali

Namba 7 umenigusa kweli. Nakunja jamvi nisome vizuri, nitarudi na niliyoyafanya darasani kwangu.

#9 Mfuatiliaji

Nasoma saikolojia ya elimu hapa Dodoma, mwaka wa tatu. Kuna jaribio maarufu sana la chuo cha Harvard, Marekani, miaka ya sitini, la mwanasaikolojia Walter Mischel. Mtoto anawekewa peremende laini moja mezani, anaambiwa ukisubiri mpaka nirudi utapata mbili. Waliosubiri walikuja kufanya vizuri shuleni miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kujizuia ndiyo msingi, mengine yanafuata.

#10 Binti Rangi

Mdogo wangu Mfuatiliaji, hapo rekebisha kidogo kabla mwalimu wako hajapita. Ilikuwa chuo cha Stanford, kwenye chekechea ya Bing iliyo ndani ya chuo hicho. Kwa maana hiyo watoto wa mwanzo wengi walikuwa wa watu wa chuoni. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia swali hilo kwa watoto wengi zaidi, wa hali mbalimbali za maisha. Uhusiano na matokeo ya baadaye ulikuwepo lakini ulikuwa karibu nusu ya ule wa kwanza, na walipoingiza hali ya nyumbani kwenye hesabu ukapungua sana.

Yako mawili mengine nayapenda kuliko hilo. Mwaka 2017 walichapisha la Kameruni. Watoto wa miaka minne wa Wanso, kabila la huko, badala ya peremende wakawekewa andazi la kwao. Karibu 70% walisubiri. Watoto wa Kijerumani waliolinganishwa nao hawakufika 30%. Baadhi ya Wanso walisinzia kitini wakisubiri. Hawa ni watoto wa wakulima, wamelelewa kutii na kutulia, hakuna semina waliyopewa.

La pili ni la mtafiti Celeste Kidd, chuo cha Rochester, Marekani, 2013. Watoto 28. Kabla ya peremende waliahidiwa kalamu nzuri za rangi. Nusu wakaletewa kweli, nusu wakaambiwa samahani, hazipo. Walioletewa walisubiri wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi, dakika 3. Mtoto asiyesubiri huenda ana akili timamu kabisa. Amekwisha kujifunza kwamba mkubwa akisema "nitarudi" harudi.

Ticha, watoto wako mara ya mwisho waliahidiwa kitu shuleni wakakipata lini?

#11 Ticha wa Tano

Binti Rangi, nimesoma mara tatu. Muhula uliopita niliahidi watakaokusanya kazi zote nitawapeleka stesheni wakaone treni ya umeme. Usafiri ukakosekana, nikanyamaza. Hata kuwaambia kwamba imeshindikana sikuwaambia. Walikusanya wote, siku ile.

#12 Mtumba Mpya

Uzi umetoka na kunde Dodoma, umepita Kameruni, sasa uko stesheni, ha ha! Endeleeni, nafuatilia.

Mimi nimehamia hapa na ofisi. Mwanangu alikuwa shule ya binafsi Dar, walikuwa na kona ya utulivu darasani, mkeka na vitabu, ukikasirika unaenda pale dakika tano. Ilimsaidia. Hapa nilimpeleka ya serikali, walimu ni wazuri, ila darasa limejaa mpaka kona haipo. Je, faida ya mafunzo haya imepimwa, au ni kitu cha shule zenye nafasi?

#13 Mfuatiliaji

Asante dada Binti Rangi, nimerekebisha kwenye daftari.

Mtumba Mpya, imepimwa. Joseph Durlak na wenzake, 2011, walikusanya tafiti za programu 213 zenye wanafunzi 270,034, kuanzia chekechea mpaka sekondari. Waliofundishwa stadi za kihisia na kijamii walipanda kitaaluma kiasi cha nafasi 11 katika mia ukilinganisha na wasiofundishwa. Maana yake mtoto wa katikati, nafasi ya 50, anafika ya 61. Na matokeo mazuri yalipatikana hata pale aliyefundisha ni mwalimu wa darasa mwenyewe, hakuletwa mtaalamu.

#14 Hesabu Kali

Tafiti nyingi za humo ni za Marekani, Mfuatiliaji, liseme na hilo. Na siyo kila kilichojaribiwa kimefaulu. Uingereza walifanya jaribio kubwa, MYRIAD, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari wakifundishwa mazoezi ya kutuliza akili. Matokeo ya 2022: hayakuwa bora kuliko yale ambayo shule zilikuwa zinafanya tayari. Hata ile michezo ya kompyuta ya kukuza kumbukumbu, mtoto anakuwa hodari wa mchezo ule ule. Kusoma na hesabu vinabaki pale pale.

Kwa hiyo Mchunga wa Bahi ana hoja nzito kuliko tunavyodhani. Stadi haihami yenyewe kutoka malishoni kwenda darasani, wala kutoka kwenye zoezi kwenda kwenye somo. Labda tusiifundishe kama somo la pembeni. Ifundishwe ndani ya hizo hizo hesabu na sayansi.

#15 mama_nne

Nina mtoto wa tatu, wa kiume, sasa ana miaka 12. Tangu la kwanza naitwa shuleni. Hakai. Anajibu kabla swali halijaisha. Kalamu tatu kwa wiki. Nimeambiwa namdekeza, nimeambiwa ana pepo, tumekwenda kuombewa mara mbili. Shule ya kwanza alisimamishwa mlangoni muhula mzima, mlango uko wazi, anasoma akiwa amesimama nje ya kizingiti.

Ni mwalimu mmoja mgeni, kijana tu, aliniambia: mama, huyu siyo mkaidi, mpeleke hospitali wamtazame. Tukaambiwa ana tatizo la umakini na utundu uliopitiliza. Ni namna ubongo wake ulivyo. Nililia njia nzima kurudi Chang'ombe, kwa sababu miaka minne nilimchapa kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo.

Yule mwalimu hakuwa na vifaa. Alimhamishia dawati la mbele, akawa anampa agizo moja badala ya manne, na kila baada ya muda anamtuma kufuta ubao au kupeleka chaki ofisini ili anyooshe miguu. Mwanangu hajawa wa kwanza. Ila anamaliza zoezi.

Namba 2, ukisema ni malezi, tafadhali waache na sisi nafasi kidogo.

#16 Kibaigwa Mnadani

mama_nne, nisamehe. Sikuwa na mawazo ya mtoto kama huyo nilipoandika. Mungu amtunze.

#17 Nesi wa Zamu

Na kijana anayechana kurasa, Ticha, usimpe jina la ugonjwa wewe mwenyewe, na sisi huku hatuwezi. Muulize kwanza nyumbani akikosea inakuwaje. Wako watoto ambao kosa la ukurasa mmoja lina bei kubwa wakifika kwao.

#18 Mzee wa Makutupora

Shikamoo zenu nimezipokea kimya kimya.

Nawasikia mnaita stadi za kujiongoza. Sisi tulipokuwa shule, baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kila darasa lilikuwa na bustani na kila kundi tuta lake. Tuta likikauka linaonekana na shule nzima. Mchicha tuliuza, tukanunulia mpira. Hakuna aliyesema leo tunajifunza kupanga. Tulipanga.

Sasa nalima zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu haipokei jedwali la kupikwa. Siku ya kupogoa ni siku ya kupogoa, ukichelewesha dawa wiki moja ukungu umeingia na vishada vyote vimekwenda. Vijana ninaowaajiri wengine wamefika kidato cha nne na hawawezi kufuata kalenda ya miezi minne. Wengine hawakumaliza la saba na wanaiweka kichwani. Sijapata jibu kwa nini.

#19 Chaki na Vumbi

Mzee, shikamoo. Hizo bustani nazikumbuka, lakini tuseme yote: kuna shule watoto waligeuka vibarua wa mashamba ya walimu. Tukizirudisha ziwe na jedwali na ziwe za watoto.

#20 Mzee wa Makutupora

Marahaba. Ni kweli, yalikuwepo.

#21 Mwalimu wa Awali

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Mimi nina watoto wa awali 60 na kitu, Nkuhungu huku. Kila asubuhi dakika tano kabla ya kuanza, tunacheza kinyume. Nikisema "shika kichwa" wanashika vidole vya miguu. Nikisema "vidole" wanashika kichwa. Wiki ya kwanza vurugu tupu, wote wanashika nilichokitaja. Wakizoea nageuza: mabega na magoti nayo yanaingia. Wakizoea tena, napunguza sauti mpaka nanong'ona. Watafiti wanao mchezo wa namna hii wa kupimia kujizuia kwa watoto wadogo. Mimi naufanya wa kufundishia.

Cha pili ni majina ya hisia. Mtoto wa Kigogo au wa Kirangi anakuja na Kiswahili kidogo, kila kinachomsumbua anasema "naumwa". Kakasirika, "naumwa". Kanyang'anywa penseli, "naumwa". Tumechora nyuso kwenye boksi: hasira, woga, huzuni, aibu, wivu. Anaonyesha kwa kidole kwanza, neno linakuja baadaye, na ruhusa ipo ya kusema kwa lugha ya kwao. Ugomvi wa kupigana umepungua. Kelele hazijapungua hata kidogo.

Kama mchezo wa kinyume unawasaidia kwenye kusoma na kuandika sijui, na Hesabu Kali atasema siwezi kudai. Ninachojua ni kwamba sasa nikisema "subiri" kuna wanaosubiri.

#22 Binti Rangi

Mwalimu wa Awali, hilo la majina ni kubwa. Hata hili jina lenyewe la stadi za kujiongoza linanisumbua. Kwetu mtu akijua kunyamaza pale panapotakiwa, na kusema pale panapotakiwa, tunasema ana busara. Lakini busara tunawapa wazee, mtoto tunamdai adabu. Adabu ni kunitii mimi. Kujiongoza ni kufanya hata nisipokuwepo. Tunadai la kwanza miaka saba ya msingi, halafu sekondari tunashangaa la pili halipo.

#23 Boda wa Ipagala

Niongeze langu. Msingi nilikuwa wa tatu darasani. Kidato cha kwanza masomo yote yakageuka Kiingereza kwa siku moja. Mwalimu akitoa maelekezo matatu, la kwanza nalitafsiri, la pili limepita, la tatu sijalisikia. Nikaonekana sina umakini, sina mpango, mvivu. Kidato cha pili nikaacha. Leo nabeba oda sita kichwani kutoka Majengo mpaka Kisasa, sikosei mlango. Kwa hiyo watafiti wakija kupima kumbukumbu za wanafunzi, waangalie wanazipima kwa lugha gani.

#24 Nesi wa Zamu

Na wakija waangalie saa ngapi. Nimekwenda kupima afya shuleni mwezi wa pili, ghala za majumbani zimekwisha, mazao mapya bado. Saa tano asubuhi nauliza nani amekula, mikono inahesabika. Wametembea kilomita nne. Unamfundishaje huyo kutulia? Shule ambazo wazazi wamechanga mahindi na uji unapikwa, nenda ukaone saa tano ile ile ilivyo.

#25 Kibaigwa Mnadani

Hapo kwenye uji nakuunga mkono bila kupepesa. Hata huku mnadani dalali mwenye njaa anakosea hesabu.

#26 Hesabu Kali

Uji ndiyo, lakini shule za mjini wanakokula vizuri nako kuna majedwali ya kupika. Njaa inaeleza sehemu tu.

#27 Chaki na Vumbi

Nimefikiria siku nne kabla ya kuandika hapa.

Mwaka mmoja nilikuwa na mgonjwa nyumbani, usiku silali, fedha imekwisha kabla ya katikati ya mwezi. Mtoto wa kike akaangusha wino kwenye andalio langu la somo. Nilichomfanya sitakiandika. Darasa zima lilinyamaza wiki nzima, na mimi nikadhani nimepata nidhamu. Baadaye nikagundua walikuwa wameacha kuuliza maswali. Mpaka muhula unaisha, hakuna mkono ulionyooshwa.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kumfundisha mtoto kutulia, ni nani anamfundisha mwalimu? Siandiki kujitetea. Naandika kwa sababu hilo swali sijalisikia kwenye semina hata moja.

#28 Mfuatiliaji

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa kusema. Lipo lililofanywa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya mafunzo ya siku chache kwa walimu wa sekondari za serikali: namna ya kuongea na mwanafunzi, kumtia moyo, kuadibu bila fimbo, na walimu kusaidiana wenyewe kwa wenyewe wanapoelemewa. Shule zilizopata mafunzo ukatili ulipungua ukilinganisha na ambazo hazikupata, na walimu wenyewe waliyapenda. Vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vipo shuleni tayari. Mada hii ingeingia humo.

#29 Mtumba Mpya

Na mtaala ulioanza Januari 2024 umetaja ushirikiano, mawasiliano, utatuzi wa matatizo. Kutaja umetaja. Mwalimu Chaki kauliza swali ambalo mtaala hauwezi kulijibu.

#30 Ticha wa Tano

Wiki tatu zimepita, naleta mrejesho.

Kwanza nilisimama mbele nikawaambia habari ya treni: niliahidi, usafiri ulikosekana, nikakosea kunyamaza. Wakatulia. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo hatuendi?" Nikamwambia hatuendi muhula huu. Sikuongeza ahadi nyingine.

Kisha kunde tena. Nimewagawa makundi 16, sita sita, mawili yana watano. Chupa zote ziko shuleni, nyuma ya darasa la sita, hakuna kupeleka nyumbani ambako kuna mdogo wa kumwaga na kuku wa kuparua. Kila kundi lina mpimaji, mwandishi, mmwagiliaji na mkumbushaji, wanazunguka kila wiki. Mkumbushaji ana sentensi moja aliyoiandika mwenyewe, ikianza na "ikiwa", kwa mfano: "Ikiwa kengele ya paredi imelia, basi kabla ya kupanga mstari naita kundi langu." Hilo nilisoma kwamba mtu akifunga nia yake na wakati au mahali maalumu, huitimiza zaidi kuliko akisema tu nitafanya. Na nikafuata neno la Mchunga wa Bahi: nimeongea na mama wa uji, kunde zikikua majani yanakwenda kwenye mboga ya shule. Anakuja kuziangalia mwenyewe, anawauliza "lini?".

Makundi 13 kati ya 16 yana vipimo vya kweli. Najua ni vya kweli kwa sababu vina siku ambazo mche haukuongezeka.

Kijana wa dawati la nyuma nilifuata ushauri wa Nesi. Sitaandika alichoniambia. Tumekubaliana akikosea apige mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, na mimi sitoi alama ya kukosa kwa kosa alilolipigia mstari na kulirekebisha. Tangu hapo amechana mara mbili. Zamani ilikuwa kila siku.

#31 Hesabu Kali

Hongera sana Ticha, kweli kabisa. Swali moja lakini: umewapa mkumbushaji, kengele na mama wa uji. Likizo ikifika, mtoto yuko peke yake, kitu gani kitabaki?

#32 Ticha wa Tano

Sina jibu. Nimepanga wiki ya tano niwaondolee mkumbushaji nione.

#33 Binti Rangi

Sisi wakubwa nasi tuna kengele na mabosi. Nani amejiongoza peke yake?

#34 Hesabu Kali

Hilo nalo anzisha uzi wake, nitakuja.

#35 Mchunga wa Bahi

Ticha, yale makundi matatu yaliyobaki yalikuwaje?

#36 Ticha wa Tano

Mawili yalipika tena. La tatu, kundi la tisa, mbuzi aliingia saa nne mchana akala miche yote mitano. Nilipofungua jedwali lao nilitegemea kukuta namba. Wameandika 0, 0, 0, 0, 0, na chini yake: "Mbuzi amekula. Mizizi ipo. Tumemwagilia."

#37 Mzee wa Makutupora

Kikonyo kimebaki urefu gani? Kama jicho la jani moja limesalimika, kunde itachipua. Waambie wasiing'oe, na wazungushie miiba.